Meza ya mama karanga: kufundisha fikra za usanifu kwa wanafunzi wa ujenzi

Swali: "Nafundisha chuo cha ufundi huku Kisauni. Mwaka jana nilikabidhiwa somo jipya, fikra za usanifu (kwa Kiingereza design thinking), kwa darasa la mchanganyiko, na mwezi ujao naanza na kundi la pili: 13 wa usanifu majengo, 19 wa uhandisi wa ujenzi na 10 wa ufundi ujenzi. Nina wiki 12, saa 3 kila wiki. Kundi la kwanza niliwafundisha zile hatua tano, wakazikariri, wakafaulu mtihani. Nilipowapa mradi, makundi yote saba yakaniletea jumba la vioo la ghorofa 10. Wahandisi waliniambia peupe kuwa somo hili ni porojo za wasanifu. Kompyuta za maabara ni 9, na mbili zimekufa. Nianzie wapi?"

Mwalimu, salamu. Nilicheka niliposoma habari za yale majumba ya vioo, halafu nikaacha kucheka kwa sababu na mimi nimeletewa. Lililonikaa moyoni lilichorwa lisimame Mwembe Tayari, ubavu mzima wa kioo ukitazama magharibi. Nikamuuliza kijana aliyelichora: jua la saa kumi jioni, mwezi wa Februari, utalipeleka wapi? Akanijibu bila wasiwasi, "Tutaweka kiyoyozi, mwalimu."

Kijana yule hakuwa mjinga, na wako si wajinga. Nilimwambia abuni jengo, akanipa jengo. Swali langu halikuwa na mtu ndani yake, na jibu lake likatoka tupu vilevile. Zile hatua tano, yaani kumwelewa mtumiaji, kulitaja tatizo, kuzaa mawazo, kuunda mfano na kuujaribu, zilienezwa na kituo cha usanifu cha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilichoanzishwa na David Kelley na wenzake mwaka 2005. Hazina ubaya. Ila zikiandikwa ubaoni moja hadi tano, mwanafunzi huzisoma kama safari ya matatu: unapandia Bamburi, unashukia Feri, safari imekwisha. Kumbe kazi yenyewe ni kurudi. Ukinibana nitaje kitu kimoja ambacho somo lako lote lizunguke, nitakwambia wafundishe kurudi nyuma wakati kurudi bado ni rahisi.

Nasema "bado ni rahisi" kwa makusudi. Anayetengeneza programu ya simu akikosea Jumatatu hurekebisha Jumanne, na wengi hawatajua kama alikosea. Sisi tuna zege. Mafundi wa upande wa Tanga wana msemo wao, zege halilali: likishachanganywa litamwagwa leo hii, liwe sawa au liwe kombo.

Wahandisi wako wape habari ya Jumba la Opera la Sydney. Jørn Utzon, msanifu kutoka Denmark, alishinda shindano mwaka 1957 kwa mchoro wa mapaa mithili ya matanga, na hakuna aliyejua yangesimamaje. Yeye na wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walijaribu umbo baada ya umbo, wakilitupa moja na kuanza jingine, hadi mwaka 1961 ilipopatikana njia: vipande vyote vya paa vikatwe kwenye tufe moja, ili viweze kumwagwa kwa kalibu zilezile. Hapo walirudi nyuma mara nyingi, juu ya karatasi na modeli, na gharama yake ilikuwa muda na usingizi. Lakini chini mambo yalikuwa mengine. Serikali ilikuwa na haraka, ujenzi wa jukwaa la msingi ukaanza Machi 1959 kabla paa halijaeleweka. Paa lilipoeleweka, nguzo zilizokwisha kujengwa zikaonekana haziliwezi, zikavunjwa zikajengwa upya. Jumba lililokadiriwa dola za Australia milioni 7 lilifunguliwa mwaka 1973 likiwa limekula milioni 102. Sikwambii nguzo zile ndizo zilizokula pesa zote, maana ugomvi ulikuwa mwingi. Nakwambia watu walewale, jengo lilelile, walirudi nyuma juu na wakarudi nyuma chini, na bei hazikulingana.

Sasa nikusimulie kundi moja lililonifunza mimi.

Walikuwa sita: wawili wa usanifu, watatu wa uhandisi, na msichana mmoja wa ufundi ujenzi, mzaliwa wa Likoni, ambaye kwa wiki tatu nzima hakufungua kinywa. Nilipiga marufuku neno "jengo". Nikawatuma kwa mama karanga mmoja anayefanya biashara yake kwenye kichochoro cha Mji wa Kale. (Kwa msomaji wa bara: mama karanga wa Pwani hauzi karanga. Hukaanga samaki, tafi na simu (wale samaki wadogo) na chochote kilichoingia siku hiyo, na jioni ndiyo saa yake.) Masharti yalikuwa manne. Wakae naye jioni tatu. Wanunue wanachokula. Wasitoe simu kupiga picha kabla hajaridhia. Na wasimuulize anataka nini.

Jioni ya kwanza walirudi na jibu tayari: moshi. Mama anakaa ndani ya moshi, macho mekundu, kwa hiyo tumchoree kibanda chenye dohani ya mabati. Mchoro ulikuwa mzuri, hata mimi niliupenda. Wakampelekea. Akautazama, akageuza samaki, akasema, "Wanangu, harufu mkinitolea juu ya mapaa, nani atajua tafi wameiva?"

Walichotaka kukiondoa ndicho kilichokuwa bango lake.

Jioni mbili zilizofuata waliacha kutafuta suluhisho wakatazama mikono. Yule msichana wa Likoni ndiye aliyehesabu: kati ya magharibi na isha, mama aliigeuza meza yake mara tatu, kwa sababu upepo wa kusi ukiingia vichochoroni haujui njia moja, na makaa yalikuwa yanapulizwa pembeni karai likipoa. Kila alipoinua ukingo wa meza, mafuta ya moto yaliyumba. Wakaona pia kwamba saa tatu usiku kila kitu hupakiwa mkokotenini na hamali hulipwa, kwa sababu hakuna kinacholala pale. Wakarudi darasani na swali jipya, nikawaandikia ubaoni kwa herufi kubwa: meza yenye karai la mafuta ya moto itageuzwaje na mtu mmoja, mara tatu kwa jioni, isipinduke, na usiku ibebeke?

Hebu litazame swali hilo, mwalimu. Hapo hakuna mhandisi atakayesema porojo. Wavulana wale watatu waliokuwa wakisinzia siku ya kubandika mawazo ukutani kwa vibandiko vya rangi walichomoa tepu ya kupimia. Miguu ya meza ilikuwa na upana wa sentimita 60. Ukingo wa karai ulikuwa sentimita 75 kutoka chini. Meza, jiko, karai na mafuta, jumla kilo 20 hivi. Hesabu yake ni ya kidato cha tatu: uzito mara nusu ya upana, gawa kwa kimo. 20 mara 30, gawa kwa 75, unapata 8. Yaani kile kitu kinapinduliwa na msukumo sawa na uzito wa kilo 8 tu pale juu. Mtoto anayekimbia kununua viazi karai akijikwaa anaufikisha. Darasa lilinyamaza, maana wote walikuwa wamesimama mbele ya meza hiyo jioni tatu, na wengine wamesimama mbele ya meza kama hiyo maisha yao yote.

Wahandisi wakasema tupanue miguu iwe sentimita 90, tupate kilo 12. Wasanifu wakakataa: kichochoro kina watu na mikokoteni, sentimita 30 zile ni za wapita njia. Wakagombana vizuri tu, nikawaacha. Ndipo yule msichana aliposema kwa mara ya kwanza, sauti ya chini: "Tuning'inize mtungi wa maji chini ya meza." Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20 za maji. Uzito unakuwa 40, na 40 mara 30 gawa kwa 75 ni 16. Kinga imezidi mara mbili, miguu ileile, na maji yenyewe mama alikuwa ameyaweka pembeni kwenye ndoo inayokwaza wateja.

Wakaunda mfano kwa mbao za makasha na makaratasi magumu, ukubwa wake halisi. Karai lilitiwa maji baridi, wala hilo halina mjadala: mafuta ya moto hayaingii kwenye jaribio la wanafunzi. Wakampelekea mama. Akachungulia chini, akauliza maneno matatu: "Na maji yakiisha?"

Saa mbili usiku, wateja wamejaa, mtungi uko tupu na meza imerudi kuwa ile ya kilo 8. Wakarudi tena. Safari hii jibu lilikuwa ndoo ya pili, ya maji machafu, ining'inie chini pamoja na mtungi: kinachotoka mtungini baada ya kunawia kinaingia ndooni, uzito unabaki. Wahandisi wakaonya kuwa vyombo vipangwe kwa urefu wa meza, uzito unapohama usihamie upande wa kupindukia. Maji yale ya mafuta, ambayo zamani yalimwagwa kichochoroni, yakapata pa kukaa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitafuta.

Bado. Meza ya kilo 40 nani ataigeuza mara tatu? Hapo ndipo walipoliangalia swali langu la ubaoni, lile la herufi kubwa, na kuliona lina kosa. Kwa nini meza igeuzwe? Kinachotakiwa kugeuka ni kinga ya upepo. Wakakata bati, wakalikunja nusu duara, wakalifanya lizunguke jiko kwa kusukumwa na kijiti.

Mwisho wa habari ni kwamba meza yao mama aliikataa. Alisema ya kwake inamjua. Alichukua lile bati na kulabu mbili za kuning'inizia.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ndani ya kisa hiki mna karibu kila kitu unachohitaji. Kitu ni kidogo kiasi cha kuundwa kwa ukubwa wake halisi ndani ya karakana. Kuna mtu mwenye uwezo wa kusema hapana, tena usoni. Na hakuna fani inayoweza kumaliza peke yake. Chagua kazi zako kwa vipimo hivyo vitatu. Mombasa haitakunyima: mkokoteni uliojaa ukiteremka mteremko wa kivuko cha Likoni huku umati ukitoka kwenye feri, mahali pa viatu mlangoni pa madrasa siku ya mvua, mitungi ya maji kwenye ukumbi wa nyumba ya Kiswahili kule Majengo, vyumba sita, familia sita, ukumbi mmoja katikati. Makundi saba ya watu sita yanakutosha 42 wako, na kila kundi litapata angalau mmoja wa ufundi ujenzi. Angalia kalenda lakini. Kundi likitazama biashara ya jioni mwezi wa Shaabani kisha likajaribu mfano wake katikati ya Ramadhani, litakuwa limejaribu biashara nyingine kabisa.

Kuhusu lile sharti la nne, la kutomuuliza mtu anataka nini, nilibishiwa sana na wenzangu, na bado nalishikilia kwa jioni za mwanzo. Mtu akiulizwa hutaja kitu alichokwisha kukiona kwa jirani. Mama karanga angeulizwa swali angesema anataka kibanda cha bati, basi. Mfano mkubwa zaidi uko Misri. Hassan Fathy, msanifu aliyewapenda wakulima na udongo wao kuliko wengi wa zama zake, alianza mwaka 1945 kujenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor, kwa matofali ya udongo na mapaa ya kuba. Nyumba zilikuwa za kupendeza. Wengi wa wenyeji walikataa kuhamia, na mradi haukumalizika. Kijiji chao cha zamani kilikaa juu ya makaburi ya kale, na makaburi yale yalikuwa riziki yao. Usikivu peke yake hautoshi kama hujatazama mtu anapata wapi chakula cha jioni.

Sasa porojo. Usibishane na wahandisi kwa maneno matamu, wape historia. Herbert Simon, aliyeandika mwaka 1969 kwamba kila anayepanga hatua za kuigeuza hali iliyopo iwe hali inayopendelewa anasanifu, hakuwa mchora majengo. Alikuwa mtu wa uchumi na kompyuta, na mhandisi na daktari aliwatia kwenye kapu moja na msanifu. Miaka minne baadaye, Horst Rittel na Melvin Webber wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa matatizo ya mipango ya miji hayafanani na ya hesabu: hayana mahali yanapotangaza kwamba yamekwisha, na kila jaribio linaacha alama ardhini. Mhandisi yeyote aliyewahi kupanga mfereji wa maji ya mvua katika mtaa wenye wakazi anajua habari hiyo hata kama hajaisoma.

Lililo bora zaidi kwa darasa lako ni jaribio la Bryan Lawson, Mwingereza, la miaka ya 1970. Aliwaita wanafunzi wa usanifu majengo na wa sayansi waliokuwa wamekaribia kumaliza, akawapa vipande vya mbao vya rangi wavipange ili rangi fulani ionekane kwa wingi pembezoni. Palikuwa na sharti lililofichwa kuhusu vipande gani viruhusiwe. Wanasayansi walijaribu mipangilio mingi upesi upesi, nia yao kuligundua sharti. Wasanifu walipanga ule walioona mzuri kuliko yote, ukikataliwa wakaleta wa pili kwa uzuri. Kisha akawapa jaribio lilelile waliokuwa ndio wanaanza chuo na wanafunzi wa sekondari, na tofauti ile haikujitokeza. Maana yake hakuna aliyezaliwa nayo. Ni sisi walimu tunaoitia. Fanya jaribio hilo darasani wiki ya pili kwa vipande vya mbao vya karakana, uwaache wajione wenyewe: mmoja anauliza "sharti ni lipi?", mwingine anauliza "na hii je?". Meza ya mama karanga ilihitaji maswali yote mawili, kwa zamu.

Wiki ya kwanza kabisa wachezeshe mnara. Mchezo huu ni wa Peter Skillman, na Tom Wujec ndiye aliyeutangaza: spageti 20 kavu, utepe wa kubandika na uzi kiasi cha mita moja kila kimoja, na peremende laini juu. Dakika 18. Wewe tumia tende badala ya peremende. Ni nzito zaidi, na inaadhibu vizuri. Wujec aliona watoto wa chekechea wakiwashinda wahitimu wa shule za biashara, kwa sababu watoto huweka peremende juu tangu mwanzo na kuona kinachotokea, ilhali wakubwa huchora, hupanga, hugawana vyeo, kisha sekunde ya mwisho huweka peremende na mnara hukaa chini. Wacheze mara mbili siku hiyohiyo. Mara ya pili utaona tende inapanda mapema.

Na wapeleke Mji wa Kale kwa miguu, asubuhi moja, kusoma chumba. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi hauzidi mita tatu. Waulize: upana huo aliuamua msanifu au mhandisi? Uliamuliwa na mkoko. Boriti ya mkoko ikizidi urefu huo haibebi dari nzito ya mawe na chokaa, basi chumba kikakaa ndani ya urefu wa boriti, na maisha yakakaa ndani ya chumba. Baada ya asubuhi hiyo ubishi wa fani ipi ni bwana hupungua, ingawa hauishi. Mpe nafasi ya kusema fundi mwashi mzee kama unamfahamu mmoja, na wanafunzi wa ufundi ujenzi wawe wa kwanza kumuuliza. Hao kumi ndio wanaodharauliwa, na ndio watakaokuokoa wakati wa kuunda.

Alama. Hapa mimi niliharibu, nisikufiche. Mwaka wa kwanza nilitoa 70 kwa kitu cha mwisho na 30 kwa daftari. Wote wakaandika daftari zima usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, mpaka zile "safari" za uwanjani wakazitunga, na mmoja akatunga mahojiano na muuza samaki siku ya sikukuu ambayo soko halikuwa na samaki. Sasa natoa 25 kwa kitu chenyewe, 15 kwa maelezo, na 60 kwa daftari. Kati ya hizo 60, zaidi ya nusu ni kwa kurudi nyuma mara mbili: onyesha ukurasa ulioamini jambo fulani, onyesha ulichokiona au ulichokipiga hesabu, onyesha ulichokiacha. Daftari liwe la kushonwa, kurasa zisichomoke, kalamu ya wino, na ulipige mhuri wa tarehe kila wiki. Swali langu la kila wiki kwa kila kundi ni moja, "Wiki hii mmeacha nini?" Kundi lisiloacha kitu kwa wiki tatu mfululizo naliita pembeni. Mtihani wa nje ukitaka hatua tano, zifundishe kwa kipindi kimoja cha wiki ya kumi na moja. Watazikariri kwa dakika ishirini kwa kuwa watakuwa wamekwisha kuzipitia.

Kuna mpaka, na wahandisi watakuheshimu ukiuchora wewe kabla yao. Unene wa zege linalofunika nondo haupigiwi kura, hasa huku kwetu ambako hewa ina chumvi ya bahari na nondo iliyo karibu na uso hupata kutu, ikavimba, ikapasua zege. Mchanga wa ufuoni hauwi "wazo la kujaribu". Mteremko wa bomba la maji taka una hesabu yake. Darasa langu lina orodha ubaoni ya mambo yasiyojadiliwa, na mtu akitaka kuongeza jambo kwenye orodha lazima alete hesabu. Siku moja msanifu ndiye aliyeongeza, nikafurahi zaidi ya nilivyoonyesha.

Kompyuta saba zinakutosha kwa sababu hutazihitaji mpaka wiki ya nane. Mchoro wa kompyuta hutoka msafi mno. Mwanafunzi akishauona umenyooka hivyo huanza kuutetea kama mali yake. Makaratasi magumu, gundi, tepu, mbao za makasha kutoka Kongowea, vingine omba karakana ya useremala.

Mkuu wa idara atataka maonyesho ya mwisho wa muhula, wakuu wote hutaka. Mkubalie, lakini viti vya mbele wakae wale waliotazamwa, mama karanga na hamali na mwenye nyumba wa Majengo, nao ndio wawe wa kwanza kuuliza. Na chukua bajeti ya chai ya wageni uwalipe kwanza hao, kwa kadiri wanayopata jioni moja. Mama akija kwenye maonyesho yako, usiku huo hakaangi.